Kuchimba Bila Kufukua: Vyombo Vipya vya Kupitisha Umeme, Maji na Simu



Mazungumzo ya leo yahusu kazi ambayo watu wengi hula matunda yake, lakini ni wachache wafikirio jinsi inavyofanywa. Ni kazi ya kupitisha nyaya za umeme, mabomba ya maji na ya gesi, na nyuzi za simu, tangu mahali zianziapo hata mlangoni pa mtu atakayezitumia.

Njia za kuvipitisha vitu hivi ni mbili tu: juu ya nguzo, au chini ya ardhi. Njia ya juu ni nyepesi, na fundi aweza kuuona ubovu kwa macho yake. Lakini upepo, radi, moto wa nyika na miti iangukayo huiharibu. Njia ya chini husalimika na hayo yote, lakini gharama yake ni kubwa, na ikiharibika fundi hana budi kutafuta asichokiona. Vyombo vipya vimepunguza sana taabu ya njia zote mbili. Basi kwanza tutavieleza vyombo hivyo, kisha tutaeleza hatari moja ambayo mashine hazikuiondoa, bali pengine zimeizidisha.

NGUZO NA NYAYA ZA JUU

Tuanze na nguzo. Kila mkulima ajua kwamba mti mbichi ukichomekwa ardhini huliwa na mchwa au huoza, na mara nyingi huoza pale pale udongo unapokutana na hewa. Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hati ya serikali ya kulinda ugunduzi wake wa kutia dawa ndani ya mbao. Mbao hutiwa katika pipa kubwa la chuma, pipa hufungwa, hewa hutolewa, kisha mafuta meusi yaitwayo kreosoti husukumwa kwa nguvu mpaka yapenye ndani ya mti. Karibu miaka mia baadaye, katika mwaka 1933, Mhindi Sonti Kamesan alivumbua dawa nyingine iliyochanganywa kwa chumvi za shaba, kromiamu na aseniki. Dawa hiyo ndiyo iupayo mti ule rangi ya kijani tuionayo katika nguzo nyingi. Nguzo za mikaratusi zitokazo nyanda za juu za kusini mwa Tanzania hutiwa dawa kwa njia hiyo hiyo ya pipa.

Hapa pana onyo moja. Aseniki ni sumu. Mtu akipata kipande cha nguzo ya zamani asikitumie kuwa kuni za kupikia, wala asikichongee mwiko au kinu. Moshi wake wadhuru, na majivu yake yadhuru vile vile.

Siku hizi ziko pia nguzo za zege zilizotiwa nondo ndani. Hizo hazili mchwa, wala hazishiki moto wa nyika. Lakini ni nzito mno, na kuzisimamisha kwahitaji mashine. Zamani shimo la nguzo lilichimbwa kwa mtaimbo na koleo, na nguzo iliinuliwa kwa kamba na mikono ya watu wengi. Sasa liko gari lenye keekee kubwa na mkono wa kuinulia mizigo. Keekee hutoboa shimo kwa dakika chache, kisha mkono hushika nguzo na kuisimamisha shimoni. Walakini kipimo cha shimo hakikubadilika: mafundi wengi huzika sehemu ya kumi ya urefu wa nguzo, kisha huongeza futi 2. Kwa hiyo nguzo ya futi 40 huzikwa futi 6. Palipo na udongo laini huzikwa zaidi.

Fundi naye hapandi tena kwa miguu kila mara. Liko gari lenye mkono mrefu na kikapu mwishoni, ambamo fundi husimama na kuinuliwa mpaka penye waya. Sehemu moja ya mkono huo hufanywa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, kwa maana kitu hicho hakipitishi umeme kama chuma kipitishavyo. Hata hivyo fundi mwenye busara haachi mipira yake ya mikono, wala haamini kwamba waya umekufa mpaka ameupima.

Nyaya zenyewe pia zimebadilika. Shaba nyekundu hupitisha umeme vizuri, lakini ni nzito na bei yake ni ghali. Alumini hupitisha umeme kwa kadiri ya sehemu 61 katika mia za shaba, lakini uzito wake ni kama theluthi moja tu. Kwa hiyo waya wa alumini ukifanywa mnene kidogo hufanya kazi ile ile kwa uzito mdogo. Kwa kuwa alumini si yenye nguvu nyingi, katikati ya waya wa safari ndefu hutiwa uzi wa chuma cha pua, na huo ndio ubebao uzito.

Ziko tena nyaya za mijini na vijijini zilizosokotwa pamoja kama kamba, kila mmoja ukiwa umevikwa plastiki nyeusi. Nyaya hizi hazihitaji vikombe vya kaure juu ya nguzo. Tawi likizigusa, umeme haukatiki mara moja. Na mwizi wa umeme hawezi kutundika ndoana yake kwa urahisi kama awezavyo juu ya waya mtupu. Lakini msomaji asidhani kwamba plastiki ile ni ruhusa ya kuushika waya. Jua huichakaza, na ufa mdogo usioonekana watosha kuua.

MABOMBA NA NYAYA ZA CHINI

Sasa tushuke chini ya ardhi. Waya ulindwao usipitishe umeme wake katika udongo au maji si jambo geni katika pwani yetu. Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji na Durban. Waya huo ulivikwa utomvu mgumu wa mti wa nchi za Malaya uitwao gatapacha, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na kitu kingine kilichostahimili maji ya bahari vizuri hivyo.

Gatapacha ilishindwa na kitu kilichopatikana kwa bahati. Mwaka 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, wataalamu Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakijaribu kuibana gesi kwa nguvu kubwa sana. Wakakuta ndani ya chombo chao kitu cheupe kama nta. Kitu hicho ndicho polietilini. Leo watoto wanakijua katika ndoo na mifuko, lakini kazi yake ya kwanza iliyokuwa kubwa ilikuwa kuvika nyaya za umeme wakati wa vita vya 1939 hadi 1945.

Siku hizi mabomba mengi ya maji na ya gesi hufanywa kwa polietilini. Hayashiki kutu kama chuma. Mabomba membamba huja yamezungushwa kama kamba melini, nayo huweza kuvutwa mbali bila ya kiungo. Mabomba manene huunganishwa kwa moto. Mafundi hukata ncha mbili ziwe sawasawa, huzisafisha, kisha huzigusisha bamba lililopashwa moto wa kadiri ya digrii 200 hadi 230 za sentigredi. Ncha zikilainika, bamba huondolewa na ncha hukandamizwa pamoja, nazo huachwa zipoe bila ya kutikiswa. Kiungo kilichofanywa vema huwa na nguvu kama bomba lenyewe. Lakini vumbi kidogo, jasho la mkono, au haraka ya fundi asiyengoja kipoe, hukifanya kionekane kizima na kumbe ni kibovu. Ubovu huo huonekana baada ya miezi au miaka, wakati handaki limekwisha kufukiwa.

KEEKEE ILALAYO

Twafika sasa kwenye chombo kilichobadili kazi hii kuliko vingine. Zamani bomba likitaka kuvuka barabara, sharti barabara ikatwe. Likitaka kuvuka mto, sharti mto uzuiwe au bomba lilazwe chini ya maji. Mwaka 1971, huko California katika nchi ya Marekani, mkandarasi Martin Cherrington alipitisha bomba la gesi chini ya mto Pajaro kwa kutoboa tundu upande mmoja na kutokea upande wa pili, bila ya kuugusa mto. Tangu hapo mashine za kazi hiyo zimeenea duniani, kubwa na ndogo.

Kazi yake huwa na hatua tatu. Kwanza, mashine husimama imeinama, na husukuma vyuma vyembamba ardhini, kimoja nyuma ya kingine. Mbele kabisa pana jino la kutobolea ambalo uso wake umekatwa upande. Jino likizunguka huku likisukumwa, huenda moja kwa moja. Likisukumwa bila ya kuzunguka, uso ule wa upande hulipotosha, nalo huelekea kule fundi anakotaka. Ni kama kasia la nahodha lililo nyuma ya chombo.

Fundi ajuaje jino liko wapi, nalo liko chini futi nyingi? Nyuma ya jino hutiwa chombo kidogo kinachotoa mawimbi kama yale ya stesheni ya redio. Fundi mwingine hutembea juu ya ardhi na chombo cha kupokea mawimbi hayo, nacho humwambia kina cha jino, mwinamo wake, na upande ambao uso wake umeelekea. Basi mmoja huona kwa chombo, mwenzake huendesha.

Hatua ya pili ni kupanua tundu. Jino likiisha kutokea upande wa pili, huondolewa na mahali pake hutiwa kipanulio, nacho huvutwa kurudi. Kwa kawaida tundu hupanuliwa liwe kama mara moja na nusu ya unene wa bomba. Hatua ya tatu ni kulifunga bomba nyuma ya kipanulio na kulivuta lote mpaka litokee penye mashine. Katika hatua zote tatu hupampiwa maji yaliyochanganywa na udongo laini uitwao bentonaiti. Tope hilo hupoza jino, huchukua mchanga kutoka tunduni, na huzuia kuta zisianguke. Likisukumwa kwa nguvu kupita kiasi laweza kupasua ardhi na kububujika barabarani au mtoni. Kwa hiyo fundi mwema hulitazama wakati wote.

HATARI ISIYOONEKANA

Mtu aweza kusema, hakika hapa binadamu ameshinda. Lakini afikiri vizuri. Mtu anayechimba kwa koleo, akifika penye waya au bomba, huona rangi ya mchanga uliofukiwa zamani, au husikia mlio wa chuma kwenye koleo lake. Mashine haisikii. Ina nguvu ya kutoboa bomba na kuendelea kana kwamba haikukutana na kitu.

Mwaka 1976, katika mji wa Kenosha, jimbo la Wisconsin, Marekani, nyumba moja ililipuka na watu wawili wakafa. Nyumba hiyo haikutumia gesi hata kidogo. Wachunguzi waligundua kwamba bomba la plastiki la gesi lilikuwa limepitishwa kwa kutoboa ardhi, nalo lilikuwa limepenya katikati ya bomba la maji machafu la nyumba ile. Gesi ilipovuja ilifuata njia ya maji machafu mpaka ndani. Aliyelipitisha bomba lile hakuona alilolifanya.

Msiba wa pili ulitokea tarehe 11 Desemba 1998, katika mji wa St. Cloud, jimbo la Minnesota. Hapa kazi ilikuwa ya njia ya juu. Mafundi walikuwa wakizamisha ardhini nanga ya kushikilia nguzo, kando ya barabara. Nanga ikapasua bomba la gesi la plastiki, ambalo unene wake ulikuwa inchi 1 tu. Baada ya dakika 39 gesi iliwaka. Watu 4 walikufa, na majengo 6 yaliangamia. Wachunguzi wa serikali walitaja sababu mbili. Kampuni ya mafundi haikuwa na utaratibu wa kutosha wa kuzuia madhara pale mafundi wakutanapo na jambo lisilo la kawaida, kama vile kugonga kizuizi chini ya ardhi. Tena mafundi walikawia kuwapasha habari wenye mamlaka baada ya bomba kupasuka.

Tazameni jambo hili vema. Bomba lilikuwa dogo, na nanga haikuwa chombo cha ajabu. Kilichoua ni mambo mawili: kuchimba pasipo hakika, na kunyamaza baada ya kosa.

VYOMBO VYA KUTAZAMIA CHINI

Kwa sababu ya misiba kama hiyo, vyombo vya thamani kabisa katika kazi hii leo si vile vitoboavyo, bali vile vitambuavyo. Kiko chombo cha mkononi kiusikiacho waya kutoka juu ya ardhi. Umeme upitao katika waya na kubadili mwendo wake mara nyingi hutoa mawimbi, nacho chombo huyapokea kwa mviringo wa waya uliomo ndani yake. Bomba la plastiki halitoi mawimbi. Ndiyo sababu mkandarasi mwema hulaza waya mwembamba pamoja nalo, ili atakayekuja baada ya miaka 30 aweze kulitambua. Tena hulaza juu yake utepe wa rangi ya kung'aa, ili mchimbaji akutane na utepe kabla hajalifikia bomba.

Kiko chombo kingine chenye magurudumu kama mkokoteni, kipelekacho mawimbi ardhini na kupokea mwangwi wake. Hicho huona vizuri katika mchanga mkavu, lakini katika udongo wa mfinyanzi ulioloa macho yake hufifia. Basi hakuna chombo kionacho kila kitu. Kwa hiyo palipo na shaka hutumiwa mashine ya tatu, ambayo hulainisha udongo kwa maji au hewa yenye nguvu, na kuufyonza kwa bomba kubwa mpaka kilichofichwa kionekane kwa macho, bila ya jino la chuma kukigusa.

Huko Marekani, tangu mwaka 2007, kila mtu atakaye kuchimba hupiga simu namba 811 kabla ya kuanza, hata kama ataka kupanda mti tu. Wenye nyaya na mabomba huja na kupaka rangi juu ya ardhi. Nyekundu ni umeme, manjano ni gesi, rangi ya chungwa ni simu, buluu ni maji ya kunywa, na kijani ni maji machafu. Nyeupe ni mahali mchimbaji anapokusudia kuchimba. Hivyo hata mtu asiyejua kusoma hujua kilichoko chini ya miguu yake.

MAMBO YANAYOTUPASA SISI

Mambo haya hayako mbali nasi. Mwaka 2009 nyaya mpya za nyuzi za kioo zilifika pwani yetu chini ya bahari, mmojawapo ukitoka Fujairah mpaka Mombasa. Kutoka pwani nyuzi nyingine zimeendelea bara mpaka Uganda na Rwanda, na sehemu kubwa yake hupita kando ya barabara, karibu na mashamba ya watu. Mtu akiona kiguzo kifupi chenye alama kando ya njia, asiking'oe wala asilime juu yake. Na yule aukataye waya huo akidhani atapata shaba hupata hasara ya bure, kwani uzi wenyewe ni kioo; lakini aweza kukata simu ya hospitali, benki na shule kwa pigo moja la panga.

Mwenye kuchimba msingi, choo au kisima karibu na barabara, na aulize kwanza kwa wenye maji, wenye umeme na wenye simu. Akikuta utepe wa rangi au mchanga mlaini usiofanana na udongo wa pale, asimame. Akigonga bomba la gesi, asiwashe moto wala mashine. Aondoke, aondoe na wengine, kisha apige mbiu kutoka mbali. Waya wa umeme ukianguka, asiukaribie hata kama umenyamaza, kwa maana ardhi yenyewe huweza kuwa na umeme. Aliyekwisha kuwa karibu aondoke kwa hatua fupi za kuburura miguu, bila kupanua nyayo.

Nanyi wanafunzi mtakaokuwa mafundi, kumbukeni kwamba kazi hii huzikwa, na asiyekuwapo hawezi kuiona. Andikeni kweli katika ramani. Bomba likilazwa futi 3 kutoka ukutani, msiandike futi 2 kwa kuwa ndivyo ilivyoagizwa. Mkihamisha shimo kwa sababu ya jiwe, andikeni kwamba mmelihamisha. Ramani ya uongo ni mbaya kuliko kukosa ramani, maana asiye na ramani huenda polepole, lakini mwenye ramani ya uongo huenda kwa haraka na kwa moyo mkunjufu mpaka penye hatari.

Wazee wetu walisema kwamba kuuliza si ujinga. Katika kazi ya kuchimba, kuuliza ni nusu ya kazi yenyewe, na mara nyingine ni uhai wa mtu.